Gari Lagonga Mbele: Shoki, Linki au Mauntingi?

Sedani nyingi za nyumbani hapa Malindi, iwe Premio, Allion, Axio au Corolla ya zamani, zina mpangilio mmoja mbele. Shoki imepita katikati ya springi. Juu imefungwa kwenye bodi kwa mauntingi ya mpira, chini imeshikwa na nako (chuma kinachobeba gurudumu) kwa bolti mbili nene. Mguu huo mmoja hubeba uzito wa gari, huituliza springi isirukeruke, na huzunguka kila unapokata usukani. Kwa hivyo ukichoka, dalili zake huchanganyika na za majirani zake: linki, boljointi, bushi (mipira) za ami, yaani mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa chini, hata tairi zenyewe. Mtu hununua shoki mbili mpya, akafungiwa, akalipa, na akifika tuta la kwanza barabara ya Mombasa kelele iko palepale.

Shoki isinunuliwe kwa kusikia mlio tu. Kwanza thibitisha kwamba mlio ni wake.

Mlio wenyewe wasemaje?

Tak-tak-tak nyepesi na ya haraka, gari likienda polepole kwenye kabro au murram yenye mawimbi madogo, na ikipotea kwenye lami nzuri: hapo mshtakiwa wa kwanza ni linki za stabilaiza (fimbo inayozuia gari lisilale kwenye kona), si shoki. Ni vijiti viwili vyenye kifundo kila mwisho, navyo huchoka mapema kuliko kitu kingine chochote upande wa mbele. Ukitaka uhakika bila gharama, legeza linki zote mbili, zifunge pembeni kwa waya zisiguse tairi wala mpira wa breki, kisha endesha mita mia mbili tatu polepole kwenye njia ileile inayogonga. Kelele ikiisha, umepata jibu. Zirudishe kabla ya safari, kwa sababu bila linki gari hulala sana kwenye kona.

Kong moja nzito unapokanyaga breki au unapoondoka kwa nguvu ni bushi ya nyuma ya lowa ami. Ingiza mtaimbo kati ya ami na fremu, usukume: mpira uliopasuka hufunguka ukauona.

Gari limesimama, unazungusha usukani, na mbele pananguruma au springi inaruka kwa "dong!" kama waya wa gitaa: hiyo ni beringi ya mauntingi. Weka kiganja juu ya springi huku mwenzako akizungusha usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho. Springi inayozunguka kwa ulaini haina neno. Ile inayokwama, ikajikunja, kisha ikaachia ghafla, beringi yake imejaa mchanga na kutu. Kwa magari yanayolala karibu na bahari ugonjwa huu ni wa kawaida kuliko shoki kuvuja, na mara nyingi shoki yenyewe bado ina maisha.

Ukishuka tuta na ukasikia pigo moja wakati gurudumu linaning'inia, hapo ndipo shoki inaanza kuingia kwenye orodha. Lakini angalia kwanza kama gari limewekwa spesa, kipande cha kuinulia mbele. Nitalirudia hilo, maana lina kesi yake.

Dalili ambazo kweli ni za shoki

Pua inazama sana unapofunga breki. Baada ya tuta gari linapanda na kushuka mara mbili tatu badala ya kutulia. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 na upepo wa kusi unapiga ubavuni, gari linaelea na unalazimika kulirekebisha kwa usukani kila mara. Breki zinachukua masafa marefu zaidi kwenye lami iliyokwaruzika, kwa sababu tairi inaruka badala ya kung'ang'ania barabara.

Tairi nayo hutoa ushahidi. Pitisha kiganja juu ya uso wake ukizunguka nao: ukihisi mabonde na vilima vidogovidogo vinavyofuatana, tairi imekuwa ikidunda, na shoki ndiyo iliyoiachia idunde (balansi mbovu pia huweza kuleta hali hiyo, ipimwe). Ikiwa imelika ukingo wa ndani peke yake, hiyo ni alaimenti (mwelekeo wa magurudumu) au mwinamo wa tairi, na shoki mpya haitaitibu. Gari kuvuta upande mmoja vilevile: pima upepo wa tairi, angalia kalipa ya breki isiyoachia, kisha alaimenti. Shoki huingia hapo pale tu ilipopinda baada ya kugonga shimo.

Mtikiso wa usukani kati ya kilomita 80 na 100, unaopotea ukipunguza mwendo, ni balansi ya magurudumu. Usipoteze muda huko.

Mafuta kwenye shoki yanahitaji jicho la makini. Ukungu mwembamba wa oili karibu na sili (mpira unaozuia oili isitoke), uliokamata vumbi, si ugonjwa. Fimbo hupanda na utando wa oili kila siku. Shoki iliyokufa hulowa kuanzia sili mpaka chini kwenye kikalio cha springi, na vumbi lake huwa tope. Grisi nyeusi nzito iliyorushwa kwa mstari haitoki kwenye shoki: mpira wa ekseli umechanika. Na kama unyevu unatoka kwenye mpira wa breki, acha habari ya shoki, gari lisiende popote.

Jaribio la kukandamiza kona ya gari kwa mikono na kuachia linajulikana na kila mtu: gari lipande mara moja na kutulia. Likiendelea kucheza, shoki imekwisha. Lakini jaribio hili hukamata shoki iliyokufa kabisa tu. Iliyochoka nusu hupita mtihani vizuri. Lililo bora zaidi ni la joto. Endesha kama kilomita kumi kwenye murram, mathalani njia za kuelekea Marafa, bila kufunga breki sana mwishoni, usimame, uguse mwili wa shoki ya kushoto na ya kulia. Shoki inayofanya kazi hugeuza mitikisiko kuwa joto, kwa hiyo zote mbili ziwe na uvuguvugu uliokaribiana. Iliyobaki baridi imelala kazini. Usiguse diski ya breki kwa bahati mbaya, utaungua.

Gari limelala upande mmoja

Hapa watu hukosea sana. Kimo cha gari hushikiliwa na springi, si shoki. Gesi ya ndani ya shoki huchangia kidogo mno. Kama upande wa kulia uko chini, weka gari pahala tambarare, sawazisha upepo wa tairi, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pande zote mbili. Tofauti ikiwa kubwa, tafuta springi iliyokatika.

Springi za mbele hukatikia duara la chini kabisa, ndani ya kikalio, mahali ambapo mchanga na maji ya chumvi hukaa bila kukauka. Magari yanayopita Gongoni na Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, yana hatari zaidi. Kipande kilichokatika huweza kubaki mahali pake kwa miezi, kisikuonyeshe chochote ila "ting" ya mara kwa mara. Washa tochi, fuata waya wa springi kwa kidole mpaka kwenye ncha yake. Ncha ya kiwandani ni laini na ina rangi. Iliyovunjika ina makali na kutu mpya. Springi hiyo isiendeshwe, kwa sababu ikiteleza nje ya kikalio hupasua tairi ya mbele ukiwa safarini.

Na habari ya spesa. Wengi hapa huinua mbele kwa kuweka kipande cha alumini au mpira mgumu juu ya mauntingi, gari lisisugue matuta. Kwa kimo kidogo haina madhara makubwa. Ikizidi, gurudumu hukaa karibu na mwisho wa urefu wa shoki wakati wote; kila likishuka shimoni fimbo inafika ukomo na kupiga kong, na sili inaumia mapema. Ekseli nazo hufanya kazi kwa pembe kali, mipira yake ikachanika. Basi mwenye spesa nene na pigo la mwisho wa shoki hana haja ya shoki mpya. Atoe spesa kwanza asikilize. Kama ni lazima gari liinuke, springi ndefu iliyotengenezwa kwa modeli hiyo, pamoja na shoki inayolingana nayo, ndiyo njia ya haki.

Kununua

Shoki hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia pamoja. Mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili hufanya gari lifunge breki kwa kupinda. Za mbele hazifanani: ya kulia na ya kushoto zina mabano yaliyogeuzwa. Kwenye spea za Toyota tarakimu tano za mwanzo hukusaidia kujua unachoshikishwa: 48510 ni shoki ya mbele kulia, 48520 ni kushoto, 48609 ni mauntingi, 48131 ni springi ya mbele, 48820 ni linki. Tarakimu zinazofuata ndizo hutofautisha modeli, kwa hiyo nenda na namba ya chesi iliyoandikwa kwenye gari, si na mwaka wa kwenye kitabu cha usajili. Allion au Premio ya magurudumu manne yanayovuta haitumii shoki sawa na ya mawili.

Pamoja na shoki mbili, nunua mauntingi mbili na beringi zake (kwenye baadhi ya modeli beringi imeunganishwa na mauntingi, kwingine huuzwa mbali), mipira miwili ya kuzuia vumbi, stopa mbili za mpira, na nati mpya za fimbo kama hazikuja kwenye boksi. Mpira wa vumbi ndio watu huuruka kwa kubana matumizi. Kwa mji wenye mchanga na hewa ya chumvi ni kosa: fimbo isiyofunikwa hupata vidoa vya kutu, vidoa hukwaruza sili, na shoki yako mpya huvuja kabla ya wakati wake.

Za mtumba kutoka Japani zinaweza kufaa kama zimekuja nzima na springi yake na huwezi kumudu mpya. Mwombe muuzaji azifungue plastiki, uangalie fimbo na chini ya mpira wa vumbi. Lakini shoki "iliyojazwa" mtaani, ile iliyotobolewa, ikatiwa oili na kuchomelewa, muachie mwenyewe. Gesi imeshatoka, vali za ndani ni zilezile zilizochoka, na moto wa kuchomelea umeshaiunguza sili.

Kuifungua

Vifaa: jeki mbili, stendi mbili, vizuizi vya magurudumu ya nyuma, soketi za 10, 14, 17, 19, 21 na 22, ufunguo wa aleni wa 5 na wa 6, nyundo, dawa ya kutu, vibana springi viwili, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), rangi ya kuwekea alama. Sehemu ngumu na tambarare. Ua wa mchanga haufai. Jeki huzama upande mmoja polepole bila wewe kujua. Kama huna zege, tandika ubao mpana na mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi, uliache gari likae kidogo kabla ya kuingiza mkono.

Bolti za nako zinyunyizie dawa ya kutu usiku wa kuamkia kazi. Bolti za pwani haziachii siku hiyohiyo.

1. Legeza nati za gurudumu kidogo tairi ikiwa bado chini. Fungua boneti. Kwenye Axio ya 2006 hadi 2012 na ndugu zake, nati za juu za mguu zimejificha chini ya plastiki ya waipa. Toa mikono ya waipa, plastiki, na bati lililo chini yake. Ikiwa nati ya katikati, ile inayoshika ncha ya fimbo ya shoki, inafikika, ilegeze robo mzunguko gari likiwa limekanyaga chini. Robo tu. Anayeitoa nati hii yote mguu ukiwa bado kwenye gari, au springi ikiwa haijabanwa, anaachilia nguvu inayoweza kumvunja taya au kumuua.

2. Inua, weka stendi, toa gurudumu. Fungua kishikio cha mpira wa breki na waya wa sensa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasigande kwenye breki) kutoka kwenye shoki. Waya huo ukivutwa kidogo tu, taa ya ABS itawaka.

3. Linki: nati ya 17, huku aleni ikiizuia fimbo ya kifundo isizunguke. Tundu la aleni likiwa limeliwa na kutu na linki ni ya kubadilishwa, kata kwa grainda.

4. Piga alama ya rangi kuonyesha nako imekaa wapi kwenye mabano ya shoki. Zungusha nati, si bolti. Kwenye modeli nyingine shingo ya bolti ina meno. Ukiitoa kwa nyundo, irudishie nati kwenye ncha kwanza ili usiue nyuzi. Weka jeki ya pili chini ya ami, kisha chomoa bolti zote mbili. Nako itaanguka nje: ifunge kwa waya. Isining'inie kwa mpira wa breki, na isivutwe nje mpaka jointi ya ndani ya ekseli ikachomoka.

5. Mtu mmoja ashike mguu, mwingine atoe nati tatu za juu za 14.

Kubana springi ndiyo sehemu ya kwenda taratibu. Vibana viwili vikabiliane, kila kimoja kishike maduara mengi kadiri kinavyofika, na uvikaze kwa zamu, mizunguko michache huku, michache kule. Usitumie mashine ya upepo hapo. Springi ikiwa imelegea kwenye kikalio, ukiweza kuitikisa kwa mkono, ndipo nati ya katikati itoke. Usiweke uso wala kifua kwenye mstari wa springi. Vibana vyenye nyuzi zilizoliwa visiazimwe. Kama huna vizuri, peleka mguu mzima gereji yenye mashine ya kubania na ulipie hilo peke yake. Njia ya kupasha springi moto ili ilegee huiua kabisa, na gari litalala.

Kila kitu kinachotoka juu kipange kwenye kitambaa kwa mfuatano wake. Kikalio cha juu mara nyingi kina neno OUT au mshale: upande huo hutazama nje ya gari.

Kuifunga

Shoki mpya ishike wima, uisukume mpaka chini na kuivuta mpaka juu mara nne au tano, kutoa hewa iliyoingia kwenye oili wakati ilipolazwa dukani. Usiishike fimbo kwa koleo hata kwa sekunde. Mkwaruzo mmoja watosha.

Safisha vikalio kwa brashi ya waya. Ncha ya chini ya springi iguse ngazi ya kikalio, isipande juu yake. Weka stopa, mpira wa vumbi, kikalio cha juu, beringi, mauntingi, nati mpya. Legeza vibana kwa zamu kama ulivyovikaza, ukiangalia springi isihame.

Rudisha mguu kwa kuanza na nati tatu za juu bila kuzikaza, kisha bolti za nako, ukilinganisha alama ya rangi. Kwenye Corolla za E140 (kizazi cha Axio ya 2006 hadi 2012) bolti hizo hukazwa kwa Nm 240 (nyutoni-mita, kipimo cha spana ya toki). Za kizazi kilichotangulia, E120, ni Nm 153. Nati ya katikati Nm 47, linki Nm 74, nati za gurudumu Nm 103 kwa kufuata msalaba. Gari lingine lina vipimo vyake kwenye kitabu cha ufundi. Bolti za nako zilizokazwa kwa kukisia ndizo husogea baada ya wiki moja na kuharibu alaimenti.

Alaimenti ifanywe hata kama alama zilikutana. Baada ya kilomita mia hivi, kama safari ya kwenda Mombasa, kagua tena nati za juu na za nako.

Ikigonga tena baada ya kufungwa

Pigo la wazi kwenye kila shimo, na shoki ni mpya: nati ya katikati haijakaa, au washa imesahaulika mezani. "Ting" unapokata kona: ncha ya springi haikuingia kwenye ngazi yake. Usukani mzito na haurudi tena katikati wenyewe: beringi imegeuzwa juu chini au imebanwa na vumbi. Tak-tak upande mmoja: nati ya linki, ambayo ilihisi imekaza kumbe fimbo ya kifundo ndiyo ilikuwa ikizunguka nayo. Usukani umekaa mshazari gari likienda sawa ni alaimenti, rudi kwenye mashine.

Mbele ikiwa juu kidogo kuliko zamani siku za mwanzo, na springi ni zilezile, ni gesi na mpira mpya wa mauntingi, itashuka kiasi. Ikiwa springi nazo ni mpya, pima pande zote mbili baada ya wiki mbili. Tofauti ikibaki, hakikisha namba za springi ya kulia na kushoto, kwani baadhi ya modeli hazitumii moja.

Osha chini ya gari kila wiki, hasa vikalio vya springi, kwa maji ya bomba. Visima vingi karibu na ufuo vina chumvi, na kuosha kwa maji hayo ni kuongeza kile unachotaka kuondoa.